Je, nikae mbali na Meza ya Bwana mpaka nitakapoacha pombe?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, nina miaka 46. Nilimpokea Yesu nikiwa kijana, lakini pombe imenishinda. Nimeacha mara nne. Safari hii nilikaa miezi 14 bila kuonja, nikaanguka msibani, na tangu hapo nakunywa kwa siri. Mke wangu anajua, wazee wenzangu hawajui. Tangu Pasaka sijashiriki Chakula cha Bwana. Ikifika wakati wa kwenda mezani natoka nje kama mtu anayeshughulikia hesabu ya sadaka, maana naogopa kula hukumu yangu. Nimejiambia nitarudi nikishamaliza mwaka mzima bila pombe. Je, wokovu wangu ulikuwa wa kweli? Na nikisema nategemea neema, mke wangu hunijibu kwamba neema yangu ni kichaka cha kujifichia. Ana haki?

JIBU: Bwana asifiwe sana, ndugu yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonikaa moyoni kuliko pombe ni ile picha yako umesimama nje na daftari la sadaka, huku ndani wenzako wamepiga magoti na mchungaji anasema, "umetolewa kwa ajili yako." Nimetumika uchungaji miaka 23, na watu wanaotoka nje wakati huo nimewakuta katika kila usharika. Mmoja wao nilimzika akiwa hajaugusa mkate ule kwa miaka tisa. Hakuudharau hata kidogo. Aliuogopa tu, na hakuna aliyekaa naye chini akamweleza. Ndiyo maana naanza na Meza. Neno la mama, yaani mkeo, nitalirudia, maana lina uzito kuliko pengine yeye mwenyewe anavyojua.

Kinachokutisha ni 1 Wakorintho 11, Paulo anapomwonya mtu aulaye mkate wa Bwana "isivyostahili". Tumezoea kuusikia mstari huo kana kwamba unasema "asiyestahili asile". Ungekuwa unasema hivyo, hakuna ambaye angeusogelea mkate, kuanzia na anayeubariki. Neno la Kiyunani alilotumia Paulo linaeleza namna tendo linavyofanyika, na Kiswahili chetu kimelihifadhi vizuri kwa ile "vyo" iliyoko katikati: isivyostahili, yaani kwa namna isiyofaa. Namna yenyewe ameitaja mistari michache nyuma. Kule Korintho wenye nacho walitangulia kula chakula chao, maskini wakabaki na njaa na aibu, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Walikula mwili wa Bwana huku wakiwadharau walio mwili huo huo.

Ulevi umetajwa pale, nami silikwepi hilo. Mtu aliyefika kanisani amelewa asiende mezani siku hiyo, aende nyumbani akalale, na kesho yake azungumze na mchungaji wake. Lakini wewe unazungumzia Jumapili unazoamka na akili timamu, moyo umepondeka, ukatoka nje. Msikilize Paulo anavyoendelea katika mstari wa 28: "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe." Kujihoji anakokutaka Paulo kunaishia kwenye kula. Wewe umejihoji, ukajikuta na hatia, ukajihukumu kifungo cha mwaka mmoja nje ya nyumba ya Baba, na hukumu hiyo hakuna aliyekutuma kuitoa.

Katekisimo Ndogo, ile uliyokaririshwa ukiandaliwa kwa kipaimara, ina swali hili hili: ni nani anayepokea Sakramenti hii kwa kustahili? Martin Luther alijibu mwaka 1529 kwamba kufunga na kujiandaa kwa nje ni desturi njema, ila anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu" na "kwa ondoleo la dhambi". Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huo huo, ambayo wengi wetu tunaiacha rafuni, anasema wazi zaidi: anayengoja mpaka mizigo yake imwondokee ndipo aje akiwa safi, atangoja milele. Aliyaandika hayo kwa ajili ya watu kama wewe.

Sasa tuuangalie huo mwaka wako. Unataka kumpelekea Mungu miezi 12 kama mahari, ukishaikamilisha ndipo upewe ruhusa ya kuingia. Naomba nikuulize jambo, na ulijibu taratibu: ile miezi 14 uliyokaa bila kuonja, uliihesabu kuwa ya nani? Nimewahudumia watu wengi wanaopambana na chupa, na mara kwa mara naona jambo hili. Tunaingia kwa neema, tukishaingia tunaanza kuishi kwa mshahara. Kila mwezi tunajiwekea akiba ya siku tulizoshinda, na akiba inavyokua ndivyo tunavyoomba kidogo. Siku tukianguka, hatuoni kwamba tumeanguka tu, tunaona tumefilisika. Paulo aliwauliza Wagalatia kama, baada ya kuanza katika Roho, sasa wanataka kukamilishwa katika mwili, na kuuliza kwake kunaonyesha alikuwa amekasirika.

Ugomvi huu kanisa liliupigana zamani, na sehemu kubwa ulipiganiwa Afrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ya Algeria ya leo, akabatizwa Milano katika Pasaka ya mwaka 387, na baadaye akawa askofu wa Hippo mpaka alipofariki mwaka 430. Katika kitabu chake cha Maungamo aliandika sala fupi: Ee Mungu, toa unachokiamuru, kisha amuru unachotaka. Sala hiyo ilimchukiza mwalimu mmoja kutoka Britania aliyekuwa akiishi Rumi, jina lake Pelagio. Pelagio alikuwa mtu wa maisha safi, akiumizwa na ulegevu wa Wakristo wa mji ule. Aliona kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo ambalo mtu hana uwezo wa kulitimiza, kwa hiyo uwezo upo, kinachokosekana ni nia. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho hayo. Bidii ya Pelagio naiheshimu, lakini mafundisho yake ni makali kwa mtu aliyeanguka mara nne, kwa sababu kila mara hayana la kumwambia ila hili: hukutaka vya kutosha. Wewe ulitaka. Najua ulitaka.

Kuna kitu kingine katika Maungamo kinachonigusa kila ninapokisoma. Augustino alikiandika akiwa tayari askofu, zaidi ya miaka kumi baada ya ubatizo, na katika sehemu ya kumi anaacha kusimulia dhambi za ujana wake na kuanza kueleza hali yake ya wakati ule ule. Anataja ndoto zinazomsumbua, anataja jinsi sifa za watu zinavyomfurahisha. Anasema ulevi uko mbali naye, anaomba usimkaribie, lakini ulaji wa kupita kiasi bado humnyemelea mara nyingine. Huyo ni askofu, waumini wake wanasoma.

Na kuhusu pombe hasa, ameandika habari za mama yake. Monika, ambaye leo anaheshimiwa kama mtakatifu, alipokuwa binti alitumwa na wazazi kuchota divai kwenye pipa. Alianza kwa kuonja kidogo, kwa utundu tu. Siku hadi siku kidogo kikaongezeka, hata akawa anakunywa vikombe karibu vijae. Wazazi hawakujua. Aliyejua ni mtumwa wa kike aliyekuwa akienda naye, na siku moja walipogombana yule mtumwa akamtukana kwa kumwita mlevi, jambo lile alilokuwa akilificha. Monika aliona aibu, akaiangalia hali yake, akaacha. Augustino anasisitiza kwamba yule mtumwa hakukusudia kumponya bibi yake mdogo, alikusudia kumuumiza, ila Mungu aliutumia ulimi ule wenye hasira kama kisu cha mganga kinachokata palipooza. Kwa hiyo hampi sifa mtumwa, wala hampi mama yake mwenyewe.

Nimeirefusha habari hiyo kwa sababu nyumbani kwako pia kuna sauti inayokuchoma, na nisingependa uipuuze. Lakini kwanza nikujibu kama wokovu wako ulikuwa wa kweli.

Wengi wangekupeleka Warumi 7: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Nami naamini Paulo pale anasema habari za mwamini, lakini ujue kwamba wataalamu wanatofautiana. Augustino mwenyewe mwanzoni aliona ni mtu ambaye bado hajapokea neema, akabadili msimamo uzeeni. Wengine wangekuletea ule mwiba wa 2 Wakorintho 12. Hapo naomba tahadhari. Hakuna mahali Paulo anaposema mwiba wake ulikuwa dhambi, na ukiuita ulevi wako mwiba utajikuta umeufanya mgeni wa heshima nyumbani. Kinachokuhusu katika sura ile ni jibu alilopewa baada ya kuomba mara tatu: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Yakutosha, kwa wakati uliopo.

Mimi ningekupeleka kwa Petro. Kabla hajamkana Bwana aliambiwa, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Bwana hakuomba Petro asianguke. Aliomba imani isitindike ndani ya kuanguka, na kurudi kwake kulitajwa kabla hajaondoka. Tena Petro hakumalizia makosa yake pale uani kwa kuhani mkuu. Baada ya Pentekoste, baada ya kuhubiri na maelfu wakaongoka, alifika Antiokia akajitenga na ndugu wa Mataifa kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Imo katika Wagalatia 2. Kosa lilikuwa na uso ule ule wa zamani, yaani kuogopa watu wangesema nini. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama wokovu wa Petro ulikuwa wa kweli.

Asiye na uzima haumizwi na hayo uliyoniandikia wewe. Angekunywa akalala.

Lugha yetu nayo ina la kusema hapa. Pwani mtu husema mwaka wa neema akimaanisha mvua imenyesha na ghala zimejaa. Mkulima alilima, lakini hakuitengeneza mvua. Fadhila ya binadamu ni kitu kingine, na kila aliyelelewa kwa ndugu anajua. Unapewa chakula, unapewa ada ya shule, na siku ukikosea yanatajwa yote mbele ya wageni. Tunayaita masimango. Nashuku kwamba wewe unamwogopa Mungu wa masimango, ambaye kwa kila kuanguka anafungua daftari na kukukumbusha mara tatu zilizopita. Yakobo anasema Mungu huwapa wote "kwa ukarimu, wala hakemei." Ukienda mara ya tano hutatajiwa ile ya nne.

Tuje sasa kwa mama. Anasema neema ni kichaka chako, nami nasema ana haki nusu, na nusu hiyo ni nzito. Kumbuka Adamu alikwenda wapi baada ya kula tunda: alijificha kati ya miti ya bustani. Mtu mwenye dhambi hutafuta kichaka, na kichaka kinaweza kuwa chochote, hata aya za Biblia. Sasa mtazame mtu wa barua yako. Wazee wenzake hawajui. Pombe anakunywa kwa siri. Ibada ikifika mahali pa kuonekana, anatoka nje na daftari. Hicho ndicho kichaka, na neema haimo humo. Neema ndiyo ile sauti inayotembea bustanini ikiuliza, "Uko wapi?"

Paulo alilijua shtaka la mkeo. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Na katika Tito 2 anasema neema iwaokoayo wanadamu "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia." Inafundisha, na mwanafunzi hukaa darasani hata anapokosa hesabu. Mkeo hana njia ya kuuona moyo wako. Anachokiona ni mfuko wa nyumba na saa unayorudi. Kusamehewa na Mungu hakukuondolei deni ulilo nalo kwake. Zakayo, wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alitaja mali na kiasi, nusu kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Kwa hiyo kaa na mama, mtajie ni kiasi gani kimekwenda kwenye pombe tangu ule msiba, mkubaliane kwamba fedha zote zipitie mikononi mwake kwa sasa, na usimdai akuamini haraka kwa sababu tu umetubu.

Mkoani Kagera, nikiwa mwinjilisti kijana, nilihudhuria ushirika wa ndugu wa Uamsho, ule ulioanza katika miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, kwetu na Kenya. Bibi mmoja aliyekuwa ameokoka tangu kabla sijazaliwa alisimama akasema: "Wiki hii jirani aliniomba chumvi, nikamwambia imekwisha, na kopo limejaa. Nimemrudia nikamwambia ukweli." Akakaa. Wakaimba wimbo wao wa Kiganda wa kumtukuza Yesu, yakaendelea mengine. Nilitarajia dhambi kubwa za zamani, nikasikia chumvi ya juzi. Wazee wale waliita maisha hayo kutembea nuruni, wakilitoa neno hilo katika 1 Yohana 1, na sura hiyo hiyo imeandikwa kwa waamini: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Luther aliliweka jambo hilo kuwa hoja ya kwanza kati ya zile 95 alizozitoa mwaka 1517 kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Wewe umefundishwa, kama wengi wa rika letu, kwamba toba ni ya siku ya kuokoka, na baada ya hapo ni ushuhuda wa ushindi. Kwa hiyo ulipoanguka ukakosa pa kusimama.

Jambo la mwili nalo usilidharau. Hukuniandikia unakunywa kiasi gani. Kama ukikosa pombe asubuhi mikono inatetemeka, unatokwa jasho au huwezi kulala, usiache ghafla peke yako nyumbani kwa kufunga na kuomba. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja unaweza kupata degedege, na watu hufa. Nenda hospitali, ueleze kila kitu bila kupunguza. Daktari ana dawa za kukuvusha siku hizo, na atakuelekeza kwenye kliniki ya afya ya akili au nyumba ya upataji nafuu. Kwenda huko hakupunguzi imani. Mvua ya neema hupita hata kwenye mikono ya muuguzi. Kuhusu kikombe cha Bwana chenyewe, zungumza na mchungaji wako kabla ya ibada. Ukipokea mkate peke yake kwa sababu divai itakuamshia kiu, hujapokea nusu ya Kristo.

Nimebakiza jambo ambalo hukuliuliza, na nimeliombea kabla ya kuliandika. Umeiacha Meza, ukashika kiti cha uzee. Naona umevigeuza. Meza ni ya wenye njaa, na wewe una njaa. Kiti ni kwa ajili ya kundi, na 1 Timotheo 3 inataka mwangalizi asiwe "mtu wa kuzoelea ulevi". Kundi lako haliwezi kulindwa na mtu anayelazimika kulikwepa. Mwone mchungaji wako wiki hii, kabla ya Jumapili. Mwambie yale uliyoniandikia mimi, kwa maneno yale yale, na umwombe akupumzishe uzee kwa muda ambao yeye na baraza wataona unafaa. Kama usharika wenu una utaratibu wa kurudishwa kundini, upokee, hata ukikugharimu kusimama mbele ya watu. Mwombe pia akutafutie ndugu mmoja, mtu mzima asiye na maneno, utakayempigia simu ukiwa msibani kabla hujakaa karibu na wanaokunywa.

Daftari la sadaka mkabidhi mwingine. Halafu mchungaji akishakutangazia msamaha, Jumapili ya Chakula cha Bwana keti ndani, upande wa mama, na wakati ukifika simameni pamoja.